Siku Kitabu cha Mtemi Kiliposhtakiwa Machimboni

Ninyi mabinti mnaofungua vibanda vya chakula siku hizi, wekeni simu chini kidogo. Nimewaona hapa Nyahanga. Sahani haijamfikia mteja mnaipiga picha, mwenyewe anameza mate. Chakula cha machimboni hakipigwi picha. Kinapigwa mwiko.

Mimi nimepikia wachimbaji mpaka goti likakataa kuchuchumaa. Nilianzia Kagongwa kwenye maandazi, nikaenda Geita, nikarudi Kahama, nikaenda tena Geita. Wajukuu wangu waliponiambia, bibi andika, niliwajibu kwamba mimi niliishia darasa la nne. Wakasema andika hivyo hivyo. Basi naandika hivyo hivyo. Anayetaka Kiswahili cha redioni awashe redio.

Tuanze na ugali, maana ndio uliotaka kunifukuza kazini kabla sijaizoea. Wiki yangu ya kwanza machimboni nilisonga ugali laini, kama wa kumpa mkwe. Mchimbaji mmoja akaubonyeza kwa kidole, kidole kikazama. Akaniangalia kwa huruma.

"Mayu," akasema, yaani mama kwa Kisukuma, "huu ni uji uliolala?"

Akaondoka na wenzake wote. Aliyeniokoa ni Bibi Nyanzala, mwanamke aliyepika machimboni kabla yangu, mkali kuliko pilipili ya Kichina. Alikuja kwenye sufuria yangu, akashika mwiko, akausimamisha katikati ya ugali. Mwiko ukaanguka.

"Mwiko ukianguka, na biashara imeanguka," akaniambia. "Mtu huyu halii njaa tu. Anarudi chini. Mpe kitu ambacho kitakaa naye huko chini."

Toka siku hiyo nilichanganya unga wa mahindi na wa muhogo, nikausonga mpaka mabega yanalia. Msiseme hayo ni ya zamani. Mmeleta majiko ya gesi, vizuri, moshi umepungua na macho yenu mtazeeka nayo. Lakini gesi haisongi ugali.

Bibi Nyanzala ndiye aliyenifundisha na mengine. Mtu akitoka shimoni mpe kwanza maji anawe uso, ndipo umuulize atakula nini. Mwenye vumbi machoni anajibu vibaya, nawe utamjibu vibaya, na mteja amekwenda. Beseni likishagusa zebaki kule mwaloni wanakooshea dhahabu, lisirudi jikoni hata kama ni zuri namna gani, hata kama mwenye nalo ni mchumba wako. Nilimfukuza mtu na beseni lake jipya mbele ya watu. Alinuna mwezi mzima. Anune, lakini awe hai.

Kubwa alilonifundisha ni hili. Alisema, mchimbaji ni mtu wa kusubiri. Anasubiri maji yavutwe shimoni. Anasubiri moshi wa baruti utoke. Anasubiri mifuko ya mawe igawanywe. Anasubiri zamu. "Kupika kila mtu anapika," alisema. "Wewe mfundishe mtu kusubiri kwako." Sikumwelewa. Nilimwelewa baada ya yeye kufariki, na aliyenielewesha ni maiti wa mtemi.

Mnacheka. Ngojeni.

Tulikuwa upande wa Geita, machimbo ya kando ya barabara ya vumbi, jina lake halina kazi hapa. Mume wangu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Shemeji zangu walitaka nirudi nyumbani nikalime kwao, na mkubwa wao alikuwa ameshaniandalia nyumba ambayo mimi sikuiomba. Niliwaambia nina kibanda changu. Yule mkubwa akacheka akasema, "Kibanda? Masika ikiisha utarudi mwenyewe na masufuria kichwani." Maneno hayo niliyalala nayo. Nilijua kibanda kikifa, mimi na binti yangu Kabula tunarudi kule, na nikirudi kule sitatoka tena.

Upande wa pili wa barabara akaja Mama Zuhura. Mwanamke wa Tabora, asili ya bibi yake Ujiji, msafi, kanga haikunjamani, na pilau yake ilikuwa inanukia mpaka kwangu. Sikumchukia kwa pilau. Nilimchukia kwa runinga. Alikuja na jenereta na runinga kubwa, akawa anaonyesha sinema zile ambazo mtu mmoja anazungumza sauti za watu wote, mwanamke, mwanaume na mbwa. Wachimbaji wakavuka barabara kama mbuzi walioona shamba bila mlinzi.

"Mama Kabula!" alikuwa akiniita kutoka kule. "Shoga yangu, njoo na wewe uangalie, si huna kazi?"

"Nina kazi ya kukuhesabia meno ukicheka," nilimjibu.

Hapo ndipo Mzee Makoye alipotangaza tenda. Mzee huyu alikuwa na duara kubwa kuliko yote pale, yaani shimo lenye wachimbaji wengi, na mawe yake yalikuwa yameanza kuonyesha dhahabu. Alitaka mtu mmoja wa kuwalisha vijana wake, asubuhi, mchana na jioni, mpaka duara liishe. Atakayepata amepona. Atakayekosa afunge, maana watakaobaki hawatoshi kulisha hata moto wa jiko.

Tulimwendea wote wawili, mimi na vyungu vyangu, Mama Zuhura na maneno yake matamu. Mzee Makoye akatusikiliza, akavuta kofia.

"Mimi sichagui," akasema. "Nyie mnajua ngoma zetu. Bagika na Bagalu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi nitakuja mchana. Nitakaa barabarani hapo katikati. Nitakapowaona vijana wangu, hapo hapo."

Kwa asiye wa kwetu, nieleze. Usukumani ngoma za mashindano hazichezwi kwa zamu. Bagika wanacheza huku, Bagalu kule, saa ile ile, na watazamaji wanahama kwa miguu yao. Hakuna mwamuzi. Aliyebaki na watu ndiye mshindi. Na mcheza ngoma akiona watu wanahama hasimami kulalamika. Anatoa nyoka. Anatoa kinyago. Anapanda juu ya mgongo wa mwenzake. Anafanya jambo ambalo yule wa pili hakuliota.

Sasa mimi nyoka ningemtoa wapi?

Nilimpata kwenye karatasi za maandazi. Enzi hizo tulikuwa tunanunua karatasi kuukuu kwa mafungu sokoni Kagongwa, madaftari ya shule, magazeti, vitabu vilivyokosa wenyewe. Kitabu kimoja nilikuwa nimeshakichana jalada na kurasa za mbele, zimeondoka na maandazi ya watu, ndiyo maana mpaka leo sijui kinaitwaje wala kimeandikwa na nani. Nikashika ukurasa mwingine nichane. Luhende akanishika mkono.

Luhende alikuwa kijana wa duara la Makoye. Kifundo cha mguu kilikuwa kimeteguka, akawa anashinda kwangu akingoja kipone. Jumapili ndiye aliyekuwa akisoma somo kanisani, maana sauti yake ilifika mpaka kwa wale wanaosinzia nyuma.

"Mama Kabula, ngoja kwanza," akasema. "Hapa kuna maiti."

"Wapi?"

"Humu. Mtemi amekutwa amekufa ndani kwake, na hakuna aliyemsikia."

Nikamwambia haya soma, mikono yangu iko kwenye unga. Akasoma. Waliokuwa wakingoja chai wakanyamaza. Alipofika mahali wanafungua mlango, nikaona watu wamesahau chai. Ndipo Bibi Nyanzala akanijia kichwani na lile neno lake la kusubiri. Nikamnyang'anya Luhende kitabu.

"Kesho," nikasema. "Mchana. Wakati wa ugali."

Walinililia kama watoto walioachishwa ziwa. Kesho yake walikuja, na waliokuja walileta wengine.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya wakati wa Wajerumani. Mtemi amekufa usiku wa kuamkia sherehe ya kupanda. Pembeni yake palikuwa na punje ya dhahabu, nayo haipo. Karani mmoja wa boma anatumwa achunguze nani kamuua. Na kulikuwa na mapenzi kidogo ndani yake: Nyamizi, binti wa marehemu, na Jilala, kijana mfua chuma. Mahari ilikuwa imeshakubaliwa, ng'ombe wameshaingia zizini, msiba ukaingia katikati. Siku ile Nyamizi na Jilala walipokutana kisimani bila kusemezana, niliona mwanaume mwenye mikono kama majembe anafuta macho.

"Moshi wako huu, mayu," akasema.

Siku hiyo nilikuwa napikia mkaa. Nilimwongezea mchuzi.

Sikilizeni jinsi kazi inavyofanyika, msidhani ni bahati. Usomaji haukuanza kabla kila mtu hajaagiza. Luhende alikatazwa kutangulia kusoma peke yake, ili sauti yake ishtuke pamoja na za wenzake. Na alikuwa akifunga kitabu mlango wa hadithi ukiwa nusu wazi, mtu arudi kesho kuufungua. Watu wakagawanyika. Huku wanasema ameua mke mdogo, huku wanasema mfanyabiashara wa pembe, mwingine anamshuku karani mwenyewe. Wakawa wanabishana mpaka shimoni. Nilipanga vizuri nikahakikisha sura ya mwisho inaangukia Jumamosi ile ya Mzee Makoye. Nikajiona nimeshinda kabla ya kucheza.

Jumamosi ikafika. Nilipika sangara, nikapika nsansa, majani makavu ya kunde, kwa karanga, ugali ukasimamisha mwiko kama nguzo. Mama Zuhura naye pilau na kachumbari, jenereta imefutwa vumbi. Mzee Makoye akaketi barabarani juu ya tairi kuukuu, fimbo katikati ya magoti. Vijana wake wote walikuwa kwangu. Hata waliokosa benchi walisimama. Nilimwangalia Mama Zuhura, nikarekebisha kilemba.

Luhende akaanza. Karani amewakusanya watu uani kwa mtemi. Anazunguka. Anamtazama mke mdogo, anampita. Anamtazama mfanyabiashara, anampita. Tukaacha kutafuna. Anasimama mbele ya mtoto mkubwa wa marehemu, anamnyooshea kidole.

"'Wewe ndiye uliyemuua baba yako,'" Luhende akasoma, "'ili ukirithi kiti chake cha utemi.' Yule kijana akaanguka magotini akakiri yote."

Kimya. Si kile kimya kizuri. Kimya cha mtu aliyeuma jiwe kwenye wali.

"Rudia hapo," mmoja akasema.

Luhende akarudia, sauti imepungua.

"Arithi nini?" wakaanza. "Mtoto wa mtemi anarithi utemi? Wapi huko?"

"Zamani zile? Kiti kilikuwa kinakwenda kwa mtoto wa dada yake!"

"Kila mtu anajua!"

"Basi amemuua baba yake bure huyu mpumbavu!"

Kweli kila mtu alijua. Hakuna aliyesomea. Kwetu mambo ya kale ya watemi watu wanayanyonya kwa mama: kiti kilikwenda kwa mpwa, mtoto wa dada wa mtemi, na wazee ndio waliomchagua. Mtoto wa mtemi mwenyewe alibaki mtu kama mimi na wewe. Sasa kitabu kizima, wiki hizo zote, kinaegemea ukuta usiokuwepo.

"Na Nyamizi?" akauliza yule wa moshi. "Soma Nyamizi."

Luhende akafunua. "'Nyamizi alishikwa na homa akafariki mwezi ule ule. Jilala akahama nchi.' Imeishia hapo."

"Amekufa?"

"Homa."

"Homa gani? Hakuwa hata anakohoa!"

"Na ng'ombe?" mwingine akasimama, sahani mkononi. "Ng'ombe wa mahari walikuwa wameshaingia zizini! Wanarudi kwa Jilala au hawarudi?"

"Hakijasema."

"Hakijasema? Kitabu gani hakisemi ng'ombe wamekwenda wapi!"

Pale kelele zikageuka hasira, na hasira ikanigeukia mimi niliyewakalisha. Kule ng'ambo jenereta ikanguruma. Mama Zuhura akasimama mlangoni kwake na kanga yake iliyonyooka.

"Karibuni wanangu!" akaimba. "Huku hadithi zinaisha vizuri! Huyo Mama Kabula kawalisha hewa!"

Wakaanza kuinuka. Mmoja, wa pili, benchi zima. Nikamwona Mzee Makoye anageuza shingo taratibu kuwafuata. Nami nikamwona shemeji yangu mkubwa, ambaye hakuwepo, akinifungulia mlango wa nyumba ile.

Nilichukua mwiko nikapiga mfuniko wa sufuria mpaka kuku wakakimbia.

"Sahani zangu hazivuki barabara!" nikasema. "Kaeni. Mmedanganywa, si ndiyo? Mtu akiwadanganya kijijini mnamwacha aende zake?"

"Hatumwachi!"

"Mnamfanyaje?"

"Dagashida!"

Dagashida ni baraza letu la watu wote, pale mkosaji anapokalishwa katikati na kila mwenye mdomo anasema. Nikachukua kigoda changu cha kupikia, nikakiweka katikati ya kibanda. Nikamnyang'anya Luhende kitabu, nikakikalisha juu ya kigoda, kichwa juu.

"Mshtakiwa huyu hapa," nikasema. "Hana jalada, hana jina, hana ndugu. Ameua binti wa watu kwa homa na ameficha ng'ombe. Walalamikaji ni nani?"

"Sisi sote!"

Waliokuwa wameinuka wakakaa. Waliofika katikati ya barabara wakasimama, shingo huku, miguu kule. Nikajua huyu ndiye nyoka wangu, nisimwachie.

"Anayemtetea ni nani? Baraza halihukumu mtu asiye na mtetezi."

Kidogo tu nikasikia jenereta ya ng'ambo imekata. Mama Zuhura huyo, anavuka barabara, amekunja kanga kiunoni.

"Mimi namtetea!" akasema. "Mnamwonea kwa sababu ni mgeni. Nimekisikiliza toka mwanzo."

"Umekisikiliza wapi na makelele yako yale?"

"Makelele gani? Kijana huyu akianza kusoma si ninazima? Mafuta ya jenereta yananiisha bure, na watu wote wako kwako!"

Watu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, nilikuwa kwenye baraza. Lakini moyoni nilisema, kumbe mama wewe.

"Haya, tetea."

Mama Zuhura akasimama karibu na kigoda kama wakili kweli. "Huyu mtoto wa mtemi," akasema, "kitabu kimetuambia alilelewa wapi? Si misheni, kwa wazungu? Kwa wazungu mtoto anamrithi baba. Alijua mila zenu? Alidhani atarithi! Mtu anaweza kuua kwa kudhani."

Pakawa na mnong'ono. Hoja ilikuwa na miguu. Nikaona watu wanamkubalia kwa kichwa, nikaanza kuogopa upya, maana nikimpa ushindi wa baraza atawavusha wote.

"Uongo!" akasema Mama Shija, mwanamke wa mwaloni, mwenye sauti ya kushinda karasha la kusagia mawe. "Na ile pombe je?"

"Pombe gani?"

"Si kuna mtu alimletea mtemi kibuyu cha pombe ya mtama usiku ule? Mimi nakumbuka, siku ile tulikula maharage. Luhende, tafuta!"

Luhende akamchukua mshtakiwa kwenye kigoda, akamfunua, tukasubiri. Akapata. Mpwa wa mtemi, mtoto wa dada yake, alipita jioni na kibuyu, akaamkia, akaondoka. Baada ya hapo hakutajwa tena mpaka mwisho, kana kwamba ardhi ilimmeza.

"Mpwa!"

Hiyo haikutoka kibandani. Ilitoka barabarani. Mzee Makoye alikuwa amesimama, tairi limebaki peke yake.

"Mpwa!" akarudia, akiingia na fimbo juu. "Mimi nina wapwa, nawajua! Anakuja na kibuyu mjomba hajamwita? Toka lini? Wangu mmoja akinisalimia mara mbili kwa siku nafunga mlango!"

Kibanda kilitaka kuanguka kwa kicheko. Vijana wake walikuwa hawajawahi kumwona hivyo. Wakamsogezea benchi, akakaa, hakuwa na habari kwamba amekaa kwangu.

"Lakini Mzee," akasema Mama Zuhura, "wapwa huwa wengi, na wazee ndio wanaochagua. Atajuaje atachaguliwa yeye?"

"Ndiyo maana dhahabu haipo!" Mzee Makoye akapiga fimbo chini. "Alikwenda nayo kwa wazee!"

Pale hata mtetezi akaketi. Akaniangalia, akafungua mikono, kama mtu aliyeishiwa karata. Nikasimama na mwiko wangu.

"Baraza limesikia," nikasema. "Aliyeua ni mpwa. Mtoto wa mtemi aachiwe huru aombwe radhi. Kitabu hiki kina hatia. Adhabu?"

"Nyamizi arudishwe!"

"Ng'ombe wasitoke zizini!"

"Arusi ifanyike leo leo!"

Nikampa Luhende kitabu. "Soma arusi."

"Mama Kabula, hakuna..."

"Nimesema soma."

Akafunua ukurasa wa mwisho kabisa, ule mtupu usio na neno. Akasafisha koo, akausoma kama anavyosoma somo la Jumapili. Akasoma Nyamizi akipona homa. Akasoma Jilala akirudi njiani, jembe jipya begani, amelifua mwenyewe la kumpa mama mkwe. Akasoma ng'ombe, rangi moja moja, na watu wakamsahihisha rangi. Akasoma ngoma. Mahali pa ngoma hawakumwacha asome, walisimama wakaicheza, vumbi likaingia kwenye pilau ya ng'ambo ambayo haikuwa na mtu wa kuifunika, maana mwenye pilau alikuwa kwangu anapiga vigelegele.

Walipochoka, Mzee Makoye akatazama huku na huku. Akaona benchi alilokalia. Akaona vijana wake. Akalitazama lile tairi kule katikati ya barabara.

"Eh," akasema. "Hata mimi nimehama."

Akaomba maji ya kunawa, akala sangara mpaka mifupa ikawa misafi. Alipoinuka akasema bila kunitazama, "Kesho alfajiri vijana wanakunywa uji hapa. Na jioni mwambie huyo kijana asome tena ile ya mpwa, kuna mtu wangu wa zamu hakuisikia."

Nililisha duara la Makoye mpaka mawe yakakoma. Kabula alikulia kwenye kibanda kile, akaolewa akitokea kwangu, si kwa baba zake wakubwa. Shemeji yule mkubwa alikuja siku moja, masika imeshakwisha zamani, aone kama nimefunga. Alikuta saa ya mchana. Nilimwamkia vizuri, shikamoo shemeji, mimi sina ugomvi na heshima. Kisha nikamwonyesha mwisho wa foleni.

Kwa hiyo msiniulize siri ya kazi kama iko kwenye viungo. Viungo vyote vinauzwa dukani. Siku chakula kinaungua, siku mchele umejaa mawe, siku kitu ulichowasifia watu kimewaaibisha mbele ya macho yao, usijifiche nyuma ya sufuria. Kiweke katikati, watu wakishike wenyewe. Kitabu kizuri kingeisha Jumamosi ile ile, watu wakashiba wakaenda zao. Kile kibovu kilinilisha miaka.

Mama Zuhura hakuhama. Alibaki na pilau yake, akawa anawauzia madalali na madereva, na tukawa tunaazimana chumvi. Lakini wiki ile ile ya tenda alikuja asubuhi mapema, kanga imenyooka, sauti ya asali.

"Mama Kabula, shoga yangu. Kile kitabu. Niazime na mimi nikakishtaki kwangu, hata siku mbili."

Nilikuwa nakoroga uji wa watu wa Makoye. Sikuinua hata macho.

"Nenda Kagongwa," nikamwambia, "ukatafute kibovu chako."